Mkwaruzo Kwenye Springi ya Kushoto

Mimi huongeza chumvi, nakiri. Sato wa shubiri moja kwangu huwa wa dhiraa. Lakini kisa hiki nakisimulia kama kilivyonipata, na mke wangu, aliyekuwa barazani akichambua maharage, ni shahidi kwamba hakumwona mgeni akiingia wala akitoka.

Enzi za Mwingereza nilikuwa fundi wa bunduki pale Nshamba. Si bunduki za askari. Zangu zilikuwa zile kuukuu za marisau, za mitutu miwili, ambazo wazee wenye kibali cha Boma walilindia mbuzi wasiliwe na chui. Ugonjwa wake mkubwa ni springi inayosukuma nyundo. Imekunjwa kama herufi V, na ikikatika, unavuta kifyatulio bure. Buhaya nzima hakuna aliyenishinda kwa springi. Basi, tuseme Nshamba nzima.

Mchana mmoja, katika mvua ya kuzamisha bata, akaingia kibandani mwangu mzee mrefu amejitanda nguo ya gome la mti. Niamini, hapo ndipo ilinipasa nishtuke, maana gome tulishaacha kulivaa. Tulilitumia kuzikia watu tu. Tena lilikuwa kavu. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye bunduki aliyoshika.

"Mpola, waitu," nikamwamkia.

Akaweka mezani vipande viwili vya springi. "Nasikia umesoma. Nisomee hii. Ilikatikaje?"

Nimehitimu darasa la jioni, nani angenizuia kusoma kitu? Nikavisogeza kwenye mwanga.

"Tata, fundi huyu alikuwa mvivu. Tupa ya kusugulia chuma hupigwa kwa kufuata urefu wa springi. Yeye kaipiga kwa upana, kaacha mkwaruzo bila kuusugua, na ufa umeanzia papo hapo. Mtu huyu angefaa kuchoma viazi tu."

"Alikuwa na haraka ya wapi?"

"Haraka ya mjinga nitaijuaje?"

"Igeuze."

Nikaigeuza. Nukta tatu, alama yangu. Nikakumbuka. Mtambo ule wa kufyatulia uliletwa peke yake kutoka Kamachumu, umefungwa kitambaani; mwenye bunduki sikumwona. Ilikuwa jioni ya mtihani. Kengele ya darasa ikalia, nikatupa tupa, nikakimbia.

"Chui alikuwa hatua nne," mzee akasema. "Mtutu wa kulia nilimkosa. Nikavuta wa kushoto." Akafunua gome shingoni. Mimi niwezaye kueleza hata nisichokiona, hicho sikielezi.

"Tengeneza nyingine," akasema. "Ukimaliza nitaijaribu kwako." Akanipa mgongo, nikamsikia akifungua bunduki na kuifunga kama anayetia risasi, kisha akailaza mezani.

Sasa fikiri nami. Springi ikiwa nzima, nakufa. Ikiwa mbovu, napona. Ungefanya nini wewe? Nikachonga kipande cha springi ya lori, na yeye akiwa anatazama mvua, nikapiga tupa kwa upana, kwa kina. Nikakichoma kikawa chekundu kama buni iliyoiva, nikakizimisha kwenye mafuta, nikakirudisha motoni mafuta yaungue. Nikakitia mahali pake, nikaurudisha mtambo kwenye bunduki, nikampa.

Akanielekezea kifuani. Akavuta nyundo ya kushoto nyuma. Tak, springi ikakatika, nami nikacheka kwa furaha, Mungu anisamehe.

Akafungua bunduki, akanionyesha. Mitutu yote ilikuwa mitupu.

"Ile ya kwanza nilikuwa tayari kuiita kosa," akasema taratibu. "Hii umeifanya huku unajua."

Akanishika kidole gumba cha kulia, kwa upole kama daktari, akakikunja. Nikasikia tak ile ile. Nilipoacha kulia, kibandani nilikuwa peke yangu.

Kidole hakijanyooka hadi leo. Madaktari wawili wamekivuta, wakachoka. Kalamu naishika kwa kushoto. Tupa siishiki tena. Nimezunguka nyumba kwa nyumba, Kamachumu hadi Rubya, nikiomba springi zangu nizikague. Nyingi nimezipata. Zote sijazipata, maana nilifanya mitihani mingi.

Kwa hiyo, kama kwenu kuna bunduki kuukuu, fungua mtambo utazame. Ukiona mkwaruzo unaokata springi kwa upana, usiiamini mbele ya chui. Njoo unidai, unitukane, unipige ukipenda. Lakini njoo ungali hai.