Nywila ya Mama Rabih

Teksi ilinishusha Tripoli, ile ya Lebanon, mtaa nisioujua, na tiketi yangu ya kuendelea na safari ilikuwa bado haijachapwa. Nikaingia duka la kwanza lenye printa.

Mwenye duka, Mama Rabih, hakunitazama. Shangazi yake aliyemlea, Bi Bahija, alikuwa amefariki alfajiri. Maziko yalikuwa baada ya adhuhuri, na tangazo la msiba lilikuwa lingali kwenye kompyuta badala ya kuwa kwenye kuta za mtaa.

"Lisipobandikwa sasa atazikwa na nani? Mimi na wewe?" alimuuliza shemeji yake Wafiq, aliyeshika ndoo ya gundi.

Printa ilikuwa imegoma. Kuiamsha kulihitaji kubofya amri iliyohifadhiwa kwenye kompyuta, na amri ilidai nywila ya msimamizi. Kompyuta ilitumia mfumo wa Linux. Rabih, mwana wa mwenye duka, ndiye aliyeuweka kabla ya kuhamia Ujerumani. Mama yake akaandika nywila. Kioo kikabaki kitupu.

"Kibodi imekufa," alisema Wafiq.

"Haijafa. Nywila haionekani ukiiandika, hata nukta. Ndivyo Linux ilivyo."

"Basi mwanao alikuwekea bubu."

"Shemeji, koma!"

Ikakataa. Akaandika tena, polepole, midomo ikitaja kila herufi. Ikakataa. Mara ya tatu ikamfukuza kabisa.

"Umesahau nywila ya duka lako mwenyewe?"

"Nisahau vipi? Ni jina la shangazi!"

Wafiq akatua ndoo, akagonga vitufe ovyo juu ya lile tangazo, athibitishe kwamba kibodi ni mbovu. Chini ya jina la marehemu zikajipanga herufi za Kiarabu.

Mama Rabih akajipiga paji la uso. Alikuwa ameandika tangazo kwa Kiarabu, kisha akasahau kuirudisha kibodi kwenye herufi za Kilatini, ambazo ndizo za nywila. Na kwa kuwa hakuna kilichoonekana, angejuaje?

"Kwanza futa takataka zako juu ya shangazi yangu!"

Zikafutwa. Akabadilisha herufi, akaibofya amri upya, akaandika nywila. Printa ikakohoa, ikaanza kutema karatasi.

Akanyakua fungu la kwanza likiwa la moto, akamsukuma Wafiq mlangoni. Hapo ndipo aliponiona.

"Ustadhi, zinazobaki zikusanye, nitamtuma mtu. Na hiyo mashine ikikuuliza nywila..."

"Nisiiguse?"

"Itukane. Kisha uniite."

Wakaondoka mbio, gundi ikidondoka njia nzima. Nikabaki nikipokea jina la Bi Bahija, karatasi baada ya karatasi, tiketi yangu ikingoja zamu yake.