Robo Kilo ya Daktari

Hii mkiisikia mtasema ni uongo. Semeni tu. Pale Kaptembwo kuna mtu wa bucha aliyetaka kuuza shamba la marehemu mama yake kwa sababu ya wivu, na aliyekuwa akionewa wivu ni mtu anayenunua nyama robo kilo. Hakuna atakayeamini, na ni kweli tupu, isipokuwa pale palipoongezwa chumvi kidogo, maana hadithi bila chumvi hata mbwa wa bucha haigusi.

Mwenye bucha anaitwa Jamleck. Mlango wa pili kutoka kwake ni kliniki ya Daktari Chepkurui, daktari wa familia, anayeweza kutibu mtoto, mama yake na nyanya yake siku moja kabla ya saa nne. Kati yao kuna ukuta mmoja mwembamba. Asubuhi benchi la wagonjwa hujaa, watu wakamwagika hadi mbele ya dirisha la nyama, wakaliziba. Na hawanunui. Wanakohoa tu.

Miaka minne Jamleck alikata nyama huku akihesabu vichwa. Kumi na nane kwa siku, mia saba kila mmoja, siku ishirini na sita kwa mwezi: laki tatu na ushee! Kila akifika hapo, roho ilimchachuka kama maini yaliyopasukiwa na nyongo. Yeye akiamka saa kumi kufuata nyama, mwenzake anaweka tu mpira masikioni na kusema, "Vuta pumzi."

Salamu nazo zilimmaliza. Yeye watu humwambia "sasa, boss" macho yakiwa kwenye simu. Daktari akipita, wanasimama. Hata Wangare, mke wake wa ndoa, alikuwa "ndiyo, daktari, asante, daktari," sauti kama ya kwaya. Nyumbani Jamleck akiita mara tatu anajibiwa, "Ati nini?"

Halafu ile robo. Kila Ijumaa jioni daktari husimama dirishani: "Nipimie robo, Baba Joan, na mfupa usiwe mwingi." Jamleck humjua mtu kwa kilo anazotaka. Mwalimu ni nusu. Fundi wa mjengo akishalipwa ni kilo mbili, na matumbo juu. Robo ni ya mtu anayeficha.

"Anajifanya hana ili tusimwombe," alimwambia Wangare. "Sasa sikia. Kihara anataka lile shamba letu la Ndabibi. Jumamosi analeta pesa. Nitafungua kliniki hapo ng'ambo, niajiri daktari, mimi nikae nikipokea."

"Wewe? Sindano tu ukiiona unafunga macho."

"Mwenye kliniki hadungi mtu, mama. Anahesabu."

Wangare akaacha kukuna sufuria. Lile shamba ndilo lililowapa viazi mwaka ule bucha ilipofungwa miezi mitatu, na bila sahihi yake haliuziki. "Nenda umuulize daktari anabakiwa na ngapi. Si anaingiza, anabakiwa. Ukiniletea jibu lake, naweka sahihi."

Ijumaa saa saba mchana Jamleck akajipanga kwenye benchi kama mgonjwa, na kofia ya bucha kichwani. Alipoingia, alimkuta daktari akila mandazi na chai ya rangi juu ya meza ya kazi.

"Unaumwa wapi, Baba Joan?"

"Hapa," akasema, akigusa mfuko wa shati. Akaeleza yote: shamba, Kihara, laki tatu.

Daktari hakukasirika. Aliweka mandazi chini. "Ukinunua ng'ombe wa kilo mia mbili, unauza nyama kilo mia mbili?"

Jamleck akacheka sana, kwa huruma. "Aai, daktari! Kuna ngozi, kuna kwato, kuna mavi tumboni. Kuna mchinjaji, kuna mpimaji wa nyama, kuna gari. Hata ikining'inia tu inakauka, inapungua. Ukipata nusu ya..."

"Basi na wangu ana kwato," akasema daktari. Akachukua kipande cha gazeti alichokuja nacho Jamleck mkononi, kile cha kufungia nyama, akaandika pembeni. Katika zile laki tatu na ushee, tisini elfu ni za watu wa bima, na bima hulipa ikijisikia, miezi saba ikipita. Dawa tisini na tano. Kodi thelathini. "Nesi na kijana wa maabara, sitini. Hao hawawezi kungoja bima, wana watoto. Leseni, stima, na gari la kubeba sindano zilizotumika zikachomwe, kumi na nne." Akapiga mstari. Ilibaki thelathini na nane elfu na ushee.

"Kwa wiki?" Jamleck akauliza, karibu kwa kuomba.

"Kwa mwezi. Na wewe?"

Hakuwahi kujipigia hesabu. Akaipiga pale pale kwa vidole, midomo ikicheza. "Arobaini na nne," akanong'ona. "Mwezi mbaya."

Daktari akautazama ukuta. "Unajua mimi hukusikiliza kutoka huku? Kila ukigonga shoka nasema, huyo amelipwa. Hakuna anayeondoka na nyama yako akisema bima italipa. Miaka minne nakuonea wivu, Baba Joan."

Jumamosi Kihara alikunywa chai, akarudi kwake na pesa zake. Viazi vya Ndabibi viko ardhini hadi leo. Lakini Jamleck sasa! Anatembea katikati ya barabara. Ijumaa iliyofuata aliwashika wateja watano pale dirishani, kisu hewani.

"Nawaambia, daktari alinililia! Machozi yakalowesha meza. Akapiga magoti, akasema, 'Jamleck, tajiri wangu, niajiri hata kwa kuosha matumbo,' nami nikamwambia nitafikiria, kwa sababu watu kumi wenye digrii wamekwisha—"

"Nani alipiga magoti?" ikauliza sauti nyuma ya foleni. "Nipimie robo, Baba Joan. Na leo naiangalia hiyo mizani."