Siku Isiyo na Upepo

Majira ya kuchipua ya kwanza baada ya mumewe Malachi kufariki, Hester alikataa kubaki kijijini. Alifunga hema, akachukua bunduki ya marehemu, akapanda nyuma ya pikipiki ya theluji ya mkwewe Gilbert, mume wa binti yake, wakaelekea ghubani, kwenye kambi ya kuwinda bata bukini. Wifi yake Dinah, dada wa marehemu, alikuwa ametangulia. Walimkuta ameshatandika matawi ya msonobari sakafuni na kunasa kwale weupe vichakani. Kwale hao walitosha mchuzi wa jioni, lakini hakuna aliyekuja huko kwa ajili ya kwale.

Kwa miaka mingi Malachi ndiye aliyekuwa mkuu wa mawindo pwani ile. Akisema leo hatupigi, hapigi mtu. Siku ya upepo mlio wa bunduki humezwa. Siku tulivu husikika mbali, na bata wakishatishika huihama pwani nzima. Sasa wazee walimpa Hester nafasi hiyo, maana tangu ujana alikaa na mumewe kwenye maficho ya wawindaji, yeye akiita bata kwa koo lake, Malachi akilenga. Aliipokea. Ukuu hakuutaka. Alimtaka Malachi, na kikohozi chake cha asubuhi, na ule mkono uliomgusa goti kila kundi lilipoanza kugeuka.

Gilbert alikuwa na ruhusa fupi tu kutoka mgodini, na siku yake ya pekee ya kuwinda ikapambazuka bila upepo hata wa kutikisa unyasi. Walikaa watatu mafichoni, bata wa bandia wametapakaa mbele yao kwenye dimbwi. Kundi likatokea kusini, chini kabisa. Gilbert akainua bunduki.

"Shusha, mwanangu," Hester alisema.

"Mama, hao hapo. Hata kwa jiwe ningewapata."

"Nimewaona. Hakuna upepo."

"Ruhusa inaisha, kesho naondoka. Watoto wananisubiri na bata."

"Na wenzako wanaokuja kesho nao wana watoto."

Gilbert akashusha bunduki. Kundi likapita juu yao, mbawa zikisikika. Ndipo koo la Hester likafunguka lenyewe. Aliita, sauti ndefu iliyokatika katikati, akaita tena. Bata wakageuka, wakazunguka, wakatua kati ya wale wa bandia. Goti lake lilibaki likisubiri.

"Sasa unawaita wa nini, kama hatupigi?" Gilbert aliuliza.

Dinah ndiye aliyejibu, polepole, "Mwache. Si bata anaowaita."

Kesho yake Gilbert aliondoka na kwale wa Dinah ndani ya mfuko. Aliaga kwa heshima, lakini uso aliuelekeza kwenye injini. Hester alimtazama hadi akawa nukta kwenye theluji. Malachi angemtania kijana, angemchekesha kwanza, ndipo amnyime. Yeye mzaha huo hakuwa nao, na hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia.

Upepo ulikuja baadaye siku hiyo, na hapo akaruhusu. Yeye mwenyewe aliangusha bata wawili.

"Kumbe bunduki unaijua," Dinah alisema. "Miaka yote umetuachia sisi kunyonyoa manyoya peke yetu."

"Nilikuwa nanyonyoa na wewe, wifi."

"Ulikuwa unanyonyoa huku unamtazama kaka yangu. Hiyo si kazi."

Hester akacheka, kisha akageuka kufuta macho. Bata mmoja walimning'iniza kwa kamba mbele ya moto, azunguke taratibu huku mafuta yakidondoka. Kipande cha kwanza Hester alikitia motoni kwa ajili ya marehemu. Bata wa pili alimpa jirani aliyekuwa akirudi kijijini, ampeleke nyumbani kwa Gilbert.

Jioni iliyofuata mkwewe aliita kwenye redio ya kambi kutoka nyumbani. Alisema wamekula, watoto wamelala na mafuta mashavuni. Kisha akaongeza:

"Baba naye angenikataza, mama."

"Angekukataza."

Asubuhi Dinah alimfuata Hester mafichoni, akataka kuketi upande wa kushoto, alipozoea kukaa Malachi.

"Kaa huku, wifi," Hester alisema, akisogea kumpisha upande wa pili.

Dinah akaketi huko, pale pa Malachi pakabaki wazi, wakaanza kuangalia kusini.