Dumuzi wa Hesbon Wekoye

Hesbon Wekoye, mzaliwa wa Myanga kule Bungoma, alikuwa mnunuzi wa mahindi, na kwa miaka ishirini aliwadharau wote waliotumia mashine kupima unyevu wa mahindi. Yeye alichota punje, akaziinua kwenye mwanga, akatoa hukumu. Wakulima wa Saboti waliomletea magunia katika stoo yake mjini Kitale walisimama mbele yake kama watoto wanaongoja kiboko. Mimi nilimshonea magunia miaka sita, na sikumbuki siku hata moja aliyomwambia mtu pole.

Kisukari alikuwa nacho kwa miaka kumi na mmoja. Dawa alimeza alipokumbuka. Kila alipoenda kliniki ya hospitali pale Kitale, muuguzi aitwaye Jelimo alimwambia maneno yaleyale.

"Mzee, sukari inaharibu mishipa midogo nyuma ya jicho, na huwezi sikia uchungu. Pita chumba cha macho upigwe picha. Ni mara moja tu kwa mwaka."

"Macho gani?" Wekoye alimjibu. "Mimi naona tobo kwa punje ukiwa bado unatafuta miwani. Peleka huko vipofu wako."

Mkewe Lenah, ambaye pia ana kisukari, alipita chumba kile. Alitiwa matone ya kupanua mboni, akapigwa picha, akarudi nyumbani amejifunika uso kwa leso kwa sababu ya jua. Wekoye alimcheka mbele ya wageni.

"Ati ameenda kutafuta ugonjwa! Si alikuwa mzima asubuhi?"

Januari iliyopita mjane mmoja wa Saboti, Chepkosgei, alileta magunia kumi na manane. Mahindi makavu, meupe, safi. Wekoye alichota, akatazama, akayatupa chini.

"Haya yamejaa dumuzi."

"Dumuzi gani, Mzee? Niliyaweka dawa."

"Unaniita mwongo? Si nawaona wakitembea!"

Chepkosgei alifungua gunia moja. Alitandaza kitambaa cheupe sakafuni akamwaga debe zima. Sote tuliinama. Hatukuona kitu. Wekoye alipiga magoti, akaanza kufinya kwa vidole, mara hapa, mara pale, na kila mara vidole vilibana hewa. Kisha aliinua uso ukutani.

"Wamepanda huko," alisema.

Mtu alicheka.

"Mzee," Chepkosgei alisema taratibu, "hao wadudu wako ndani ya jicho lako."

Wekoye alimtukana yeye na ukoo wake, akamfukuza. Mjane akakusanya mahindi yake, akayauza stoo ya pili kabla ya saa sita.

Baada ya siku tatu jicho la kulia likafunikwa na weusi kama masizi. Mtu mwenye akili angekimbilia hospitali. Wekoye alinunua matone kwa mchuuzi wa sokoni, akajitia juma zima, kwa sababu hakutaka Jelimo amwone. Mwishowe Lenah alimwongoza kwa mkono hadi hospitali.

Daktari alisema mishipa ilikuwa imevuja damu ndani, na jicho lile halingepona tena. La kushoto pia lilikuwa limeanza kuharibika, ila lingeweza kuokolewa kwa miale ya leza.

"Ungekuja miaka miwili iliyopita tungeyaokoa yote mawili," alimwambia.

"Hicho chumba chenu ni giza," Wekoye alijibu. "Mnaweka giza makusudi, watu waonekane wagonjwa."

Nilitegemea angalau aibu. Hakuna. Siku hizi anawaambia watu kwamba mwanamke wa Saboti alimroga. Anaketi kwenye kiti mlangoni mwa stoo, anawafokea wakulima ambao hata sura zao hawezi kuzitofautisha, nao wanampita tu. Mahindi anayapima Lenah, kwa mashine. Picha yake ilionyesha dalili ndogo, akatibiwa mapema, na bado anasoma Biblia yake bila shida.

Mwezi uliopita Jelimo aliuliza kama Mzee atakubali kurudi kupimwa lile jicho lililobaki.

"Usimuulize yeye," Lenah alisema. "Andika tarehe, nitamleta."