Someni, Kila Mtu Chake

Siku yangu ya kwanza katika skuli ya Mangapwani, mwalimu mkuu alikuja mbio darasani kwangu na fimbo mkononi, akidhani kaingia nyoka.

"Maalim! Kuna nini humu?"

"Hamna kitu, Mwalimu Mkuu. Wanasoma."

"Wanasoma? Mbona wanapiga kelele wote pamoja?"

"Si pamoja. Kila mtu chake."

Akasimama mlangoni anahema. Kijana mzuri yule, ndo kwanza katoka kusomea ualimu, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Akaniita nje, akasema nami kwa adabu, maana mie ningeweza kumzaa.

"Maalim, hapa skuli, si chuoni. Ukuta wa pili wanafanya hesabu. Mtoto anyooshe mkono, asome mmoja, wengine wafuate kimya kimya."

"Nshafahamu," nikamjibu. Wala sikufahamu.

Nikuelezeni, nyinyi mliozaliwa juzi, chuo kilikuwaje. Mie skuli sikusoma hata siku moja. Nilisoma chuoni kwa baba yangu, huko Malindi, Mji Mkongwe, kisha baba alipofariki nikakirithi. Kilikuwa chumba cha chini, jamvi, na birika langu la kahawa. Watoto wanakaa chini, huyu yuko kwenye alifu na be, yule juzuu ya amma, mwengine anakaribia kuhitimu, yaani kuimaliza Kurani nzima. Na wote wanasoma kwa sauti kwa wakati mmoja, huku wanayumba, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Mpita njia husema hapa pana ugomvi. Mwalimu yeye hasikii ugomvi. Anasikia sauti thelathini, kila moja mahali pake, na ile inayokosea inamgonga kama kijiwe ndani ya wali. Husemi ila "Wee Saidi, rudi nyuma," wala huinui macho kwenye kahawa. Saidi anaruka. Walidhani nina jini.

Jirani yangu alikuwa fundi wa masufuria, anagonga tangu asubuhi. Watu wakiniuliza, humshitaki? Nimshitaki kwa lipi? Siku asiyogonga watoto wangu walisinzia. Mkewe alikuwa akituletea mihogo ya nazi... lakini hayo tuyaache.

Yalipokuja Mapinduzi, Serikali ikafungua skuli kwa kila mtoto, bila ya malipo, na mie silalamiki, binti zangu wawili waliingia. Lakini chuo kilinikaukia. Wengine walikwenda skuli, wengine walihama na wazee wao, mwisho nikabaki mie, jamvi na birika. Nikenda kuomba kazi kwa wakubwa wa elimu. Mkubwa mmoja akaniambia bila ya kuzunguka, "Skuli za shamba zinataka walimu wa dini. Nenda Mangapwani. Mkaguzi atakuja kukutazama. Akikukubali umeajiriwa. Akikukataa, maalim, hatuna pengine pa kukuweka." Mke wangu Bi Salma akaniuliza nikikataliwa nitafanya nini. Mie kazi nyengine siijui. Hata nazi sijui kufua.

Basi nikafundisha kimya. Jamani! Kama nimetiwa pamba masikioni. Mmoja anasoma, waliobaki wananitazama, na mie sijui nani yuko nyuma, nani kapotea, nani analala macho wazi. Nikawa narudi chumba nilichopanga kijijini, Bi Salma kabaki mjini, nahisi sikufanya kazi. Nilitamani kelele kama mtu anavyotamani maji. Siku za mapumziko nikipanda gari kwenda mjini, nikishuka Darajani, nasimama tu katikati ya wauza samaki, nafumba macho. Bi Salma alipojua, alicheka mpaka akakaa chini. "Mume wangu ananikimbia anakwenda kusikiliza bei ya samaki changu!"

Aliyenifungua akili ni kitoto kimoja, Mwanakheri, binti wa mkwezi wa minazi, anakaa mbele kabisa. Sauti tulikatazwa, lakini kuyumba hakuna aliyetukataza. Yule mtoto alikuwa anafuata kwa kidole, midomo inacheza, mwili unakwenda mbele na nyuma. Mara ukasita. Nikainama nikatazama kidole chake: kiko kwenye neno gumu. Nikamnong'oneza, akaendelea. Nikainua macho kulitazama darasa zima. Wanayumba wote! Na pale wawili wamesita, na kule mmoja anayumba harakaharaka, huyo anadanganya. Yakhe, nilikuwa nna chuo changu mbele yangu siku zote, ila nilikuwa nakitafuta kwa masikio. Tangu siku hiyo nikawa napita baina yao, nanong'ona.

Mkaguzi akaja. Mtu mnene, mstaarabu, mkoba wa ngozi. Akalitazama darasa, akamuuliza mwalimu mkuu, "Hawa mbona kama wamo chomboni baharini? Watulie." Wakatulia. Akamwinua Mwanakheri. Mtoto kasimama kama mlingoti, maneno mawili, kimya. Akarudia, kimya. Mie jasho linanishuka, naliona jamvi langu la Malindi limekunjwa.

Mwalimu mkuu akakohoa. "Samahani, mkubwa. Muache ayumbe."

"Ndo ulivyofundishwa wewe huko?"

"Hapana. Sauti niliwakataza mimi. Hii ndo iliyowabakia."

Mkaguzi akamwashiria mtoto. Mwanakheri akaanza mbele na nyuma, na juzuu ikatoka, si yote safi, alikosea pawili, lakini ikatoka mpaka mwisho. Mkaguzi akafunga mkoba. "Maalim, umepita. Ila siku ya gwaride tafadhali wasiyumbe hivi, watu watadhani tumewanywesha tembo la mnazi."

Nikabaki Mangapwani mpaka mwanzo wa miaka ya sabini. Chumba cha Malindi wakakifanya ghala ya magunia. Bi Salma akaja kuishi nami na lile jamvi la chuo. Kazi niliipenda, sitasema uongo; lakini kila asubuhi nikiingia darasani na kile kimya kikinipokea, moyo ulikwenda Malindi na kurudi.

Kisha macho yakaanza kuniacha, ukungu juu ya kila kitu. Sikuona tena nani kasita. Masikio mazima, lakini skuli haikuwa na kazi ya masikio. Nikaenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, nikamwambia inatosha.

Siku ya mwisho nilitaraji hotuba. Nikasikia madirisha yanafungwa. Darasa la hesabu mwalimu mkuu akalitoa likapalilie mihogo. Kisha akasimama mbele ya watoto wangu, akasema, "Leo someni. Kila mtu chake. Kwa sauti."

Walisita, wakamtazama, hawakuamini. Akaanza mmoja. Wakafuata wote.

Mnaweza kucheka. Nilishika ukuta. Na ndani ya kelele zile nikaisikia, kule pembeni, sauti ndogo inakosea, inavuta pasipovutwa. Nikafungua mdomo niirudishe. Nikajua nikisema neno watanyamaza wote. Nikaufunga.

Sasa nakaa barazani, watu wanapita, wananambia shikamoo, naitikia marahaba. Wakishapita, naisikia ile sauti ndogo. Bado inakosea pale pale, na bado sijairudisha.