Ursula na Hewa ya Mkaa

Mke wangu Ursula alizaliwa Mofu. Shule hakwenda, wala mimi. Haya nasema, binti yetu Evelina anaandika.

Mbegu za mpunga ndizo zilizokuwa kazi yake. Kisegese, rangimbili, supa, zote kwenye madebe yasiyo na alama, na kila debe angekwambia limetoka jaruba gani, mwaka gani. Watu wa Idete walikuwa wanakuja kumuuliza.

Mwaka ule mbu walituzidi. Nikaziba kwa udongo mianya yote ya juu ya ukuta. Nikajisifu. Kisha mvua ikanyesha siku tatu, mbegu zikalowa. Nikamwingizia jiko la mkaa azikaushe, nikafunga mlango baridi isiingie, nikaenda shamba.

Mchana nikamkuta ameanguka juu ya mbegu. Nikamburuta nje.

Hakufa. Ila tangu siku ile jambo jipya halikukaa kichwani mwake. Ya zamani alikuwa nayo yote. Ya asubuhi, mchana hayapo.

Daktari mmoja wa Ifakara, Lukelo, alinieleza. "Mzee, hewa ya mkaa haina harufu. Hiyo ndiyo iliyoukaba ubongo." Kisha akasema la ajabu: hewa hiyohiyo ubongo wenyewe huitengeneza, kidogo mno. Wataalamu wanadhani ni mjumbe. Chembe ya ubongo iliyopokea habari huituma hewa hiyo kwa chembe iliyoleta habari, kama kusema, hili tulishike.

"Sasa mjumbe ndiye kamharibu?"

"Mjumbe ni tone, mzee. Mkeo alipata mafuriko."

Nikaenda kuungama kwake. "Mama Evelina, mimi ndiye niliyeziba nyumba, nikakuwekea na jiko."

Akacheka. "Kwani ulitaka kuniua, we mzee? Mbegu zangu zilikauka? Basi, yameisha."

Kesho yake hakujua lolote. Nikamwambia tena. Akalia, akanisamehe. Siku nyingine alinitukana kwanza. Miaka miwili nikawa nasamehewa, na msamaha haulali. Nilitaka mmoja tu ukae.

Jumanne moja ya mwezi wa tatu nikaanza, "Mama Evelina, mimi ndiye..."

Akageukia ukuta. "Ulishaniambia."

"Lini?"

Akajifunika shuka kichwani. Alikuwa na homa. Ijumaa tukamzika.

Evelina anasema mama yake alikumbuka. Nimemuuliza daktari, anasema hajui. Mimi naogopa alikuwa amechoka tu na sauti yangu.