Maharage ya Kuni Tatu

Kijiji kizima kilimwita Kuni Tatu, na jina hilo alilipata akiwa bi harusi wa wiki mbili. Mama mkwe wake, mwanamke ambaye hakusifu kitu kabla ya kukitafutia kasoro, aliingia jikoni mchana mmoja akakuta sufuria ya maharage imeiva, na kwenye mafiga kuna vijinga vitatu tu. Akatoka akawatangazia majirani: "Nimepata mkwe. Huyu anaivisha maharage kwa kuni tatu." Asichokijua ni kwamba mkwe alianza kupika alfajiri, kuni nyingine kumi na mbili zilishakuwa majivu, na majivu yalishazolewa, maana msichana alitoka kwenye nyumba ambayo majivu huzolewa kabla mgeni hajaingia.

Alitaka kusema ukweli. Lakini sifa ya mama mkwe ni kama mvua ya kiangazi. Ikikudondokea huendi kutafuta mwavuli. Akanyamaza. Akanyamaza miaka ishirini na sita, mama mkwe akafariki akiwa bado anamsifu, na jina likabaki. Wanawake waliwaleta mabinti zao jikoni kwake kabla ya kuwaoza, waone. Naye aliwaambia, huku akichezesha ukuni mmoja kwa ncha za vidole, kwamba siri ni kuchochea bila pupa.

Ukweli ni kwamba alichoma kuni kama kila mtu. Alipoolewa, msitu ulikuwa nyuma ya choo. Sasa ilibidi uondoke baada ya chai ya asubuhi, na ukirudi na mzigo kichwani unakuta mbuzi nao wanarudi. Shingo yake ilikuwa imezoea kuinama upande, kama mtu anayesikiliza maneno ya chumba cha pili. Macho yalikuwa mekundu kama ya mlevi, na pombe hajawahi kuionja. Na asubuhi alikohoa kwa mpangilio: mara tatu, kimya, kisha mara moja ndefu. Majirani walijua kumekucha.

Jiko banifu aliliona kwa mkunga, siku alipompelekea mayai. Lilikuwa la udongo, kimo cha magoti, lina mdomo mmoja wa kuni na bomba la kutolea moshi juu ya paa. Sufuria ilikuwa inachemka. Kuni Tatu aliinama juu yake, akasubiri machozi, machozi hayakuja. Akavuta pumzi. Akavuta tena. Mkunga akamuuliza kama amepoteza kitu. Tangu siku ile alilitaka jiko lile kuliko alivyotaka kuolewa, maana kuolewa alikutaka bila kujua kulivyo.

Basi ilipokuja habari kwamba kuna mradi wa majiko, alikuwa wa kwanza kufurahi na wa mwisho kufika mkutanoni. Alikuwa msituni. Alitua mzigo, akakimbilia kwenye baraza la shule, akakuta watu wanatawanyika. Binti mmoja mgeni, mwenye daftari na mizani ya kuning'iniza, alikuwa anakunja mkeka.

"Wifi, wamesema nini?" akamuuliza dada wa mume wake. Wifi huyo alikuwa mjane aliyerudi kwao, nyumba yake ilipakana na ya Kuni Tatu, na mdomo wake haukupakana na kitu chochote.

"Wamesema wiki nzima wanapita jiko kwa jiko kupima kuni. Asubuhi wanapima, kesho yake wanapima zilizobaki."

"Wanazipima kwa nini?"

"Wanataka wajue nani mharibifu. Wewe una wasiwasi gani, Kuni Tatu?"

Angeuliza swali moja tu la ziada, angeambiwa lililobaki: kwamba majiko yalikuwa kumi na mawili, majiko ya mafiga yalikuwa arobaini, na yatakayokula kuni nyingi zaidi ndiyo yatakayopewa kwanza. Lakini neno "mharibifu" lilikuwa limemwingia, na mtu aliyeishi na sifa miaka ishirini na sita hasikii maneno yanayofuata neno kama hilo.

Wiki ile kuni zake zilikaa pembeni ya jiko kama wageni waheshimiwa. Binti wa mizani alizitundika kwenye mwimo wa mlango kila asubuhi, akaandika, akatikisa kichwa kwa mshangao. Alipoondoka tu, Kuni Tatu alitoa magunzi ya mahindi gunia zima. Alizoa maranda ya mbao kwenye banda la mume wake, ambaye alikuwa fundi viti. Siku ya tatu magunzi yalipokwisha, alichukua mavi ya ng'ombe yaliyokauka, ambayo wanawake wa pale waliyachoma kwa siri na kuyataja kwa sauti ya chini. Siku ya tano aliingia bandani kwa haraka, akachukua kipande kilichokuwa juu ya benchi.

"Mama watoto," mume wake akauliza jioni, "hukuona mguu wa kiti? Niliuacha bandani."

"Mguu gani?"

"Wa kiti cha mwalimu mkuu. Wa nyuma, kulia."

"Kiti kina miguu minne, baba watoto. Ukikosa mmoja bado unayo mitatu."

Mume akamtazama, akaitazama sufuria, akaenda kuchonga mwingine. Alikuwa amejifunza katika ndoa kwamba kuna maswali ambayo ni afadhali uyapishe njiani.

Moshi wa magunzi na mavi ulikuwa mbaya kuliko wa kuni. Wiki nzima Kuni Tatu alipika akilia. "Mama, macho yanauma?" binti wa mizani alimuuliza. "Mafua, mwanangu," akajibu. Na kila machozi yalipomtoka alijifariji kwamba jiko banifu liko karibu.

Orodha ilisomwa Alhamisi, kwenye baraza la shule. Jina la kwanza lilikuwa la wifi. Kuni Tatu akasikitika kidogo kwa niaba ya ukoo, akadhani mharibifu mkuu ametajwa. Lakini wifi alikuwa anapiga vigelegele. Ndipo majina kumi na mawili yakaisha, na lake halimo.

"Na sasa," akasema binti wa mizani, uso wake ukiwaka, "kuna mama mmoja ambaye kwa siku hatumii hata nusu kilo ya kuni. Sijawahi kuona. Huyu hahitaji jiko letu. Jumamosi atatupikia maharage hapahapa, kwa kuni tatu, sote tujifunze."

Wakampigia makofi. Kuni Tatu alipokea makofi yale akiwa amesimama, kama mtu anayemwagiwa maji ya baridi kwa heshima.

"Hongera, wifi," dada wa mume akamnong'oneza. "Mimi mharibifu nimepewa jiko. Wewe mwenye sifa umepewa kazi."

Jumamosi asubuhi wifi alikuja kumsindikiza. Alimkuta amefunika beseni kwa kitambaa safi, tayari kuondoka. Akafunua, akachukua haragwe moja, akalibonyeza. Likawa uji kati ya vidole vyake.

"Wifi. Haya yameiva."

"Ni ya aina laini."

Wifi akalamba kidole. "Yana chumvi."

Kuni Tatu akafunika beseni. Akafungua mdomo kujibu, badala ya jibu kikaja kile kikohozi chake: mara tatu, kimya, kisha mara moja ndefu. Wifi alisubiri mpaka kikaisha. Kwa mara ya kwanza hakuongeza utani.

"Sikiliza," akasema. "Ukiyaivisha leo kwa kuni tatu, jiko hulipati mpaka tuzikwe. Watakuita kila mwezi uje ufundishe. Ukisema ukweli, watacheka. Mimi nitacheka kuliko wote, sikufichi. Lakini kucheka kwangu hakuwashi macho."

Wakaenda. Uwanjani, mbele ya baraza la shule, mafiga yalikuwa yamepangwa, na binti wa mizani alikuwa ameziweka kuni tatu juu ya karatasi, kama visu vya daktari. Wanawake walikuwa wamekaa duara, wengine na watoto mgongoni. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni mwa darasa. Kuni Tatu akaweka beseni chini, akachutama, akawasha. Moto ulishika vizuri. Ingetosha kuyamwaga maharage kwenye sufuria, kusubiri dakika chache na kupakua. Alizitazama kuni zile zikiungua, akaona ni ndogo mno, na akashangaa jinsi watu wazima walivyokubali jambo hilo muda wote huo kwa sababu tu lilisemwa na mama mkwe.

"Maharage haya yamechemka nyumbani kwangu," akasema, bado amechutama. "Yamekula kuni kumi na nne."

Akaona afadhali amalize.

"Na wiki ile ya kupimwa nilichoma magunzi. Na maranda. Na mavi ya ng'ombe. Na mguu wa kiti cha mwalimu mkuu."

"Wa nyuma?" akauliza mwalimu mkuu.

"Wa nyuma, kulia."

Wifi alitimiza ahadi yake. Alicheka mpaka akashika ukuta, na duara zima likamfuata. Mmoja tu hakucheka. Alikuwa mke wa mfyatua matofali, mama mwembamba, mpole, ambaye Kuni Tatu alikuwa akimwona msituni tangu ujana wao. "Miaka ishirini," akasema taratibu, "mume wangu akila, ananitajia kuni zako. Kila mlo." Akasogea karibu na beseni. "Leo akila nitamtajia mimi." Kuni Tatu akampakulia bakuli la kwanza. Yule mama akaonja, akasema yana chumvi nyingi, akaendelea kula.

Kisha mwanamke mwingine akakiri kwamba naye alificha mzigo mzima uvunguni mwa kitanda, na mwingine kwamba alipikia kwa mama yake siku tatu. Binti wa mizani alifunga daftari, akalifungua, akachora mstari juu ya orodha yote.

"Tunapima upya," akasema. "Kuanzia Jumatatu. Na safari hii nitapima kila kinachoungua."

"Mimi zangu ziache hivyohivyo," akasema wifi akifuta machozi. "Sikuficha hata kijiti. Sina jina la kulinda."

Jumanne asubuhi binti alisimama mlangoni kwa Kuni Tatu, mizani imening'inia kwenye mwimo, ndani yake vipande viwili vya kuni. Aliangalia namba ya jana, akaangalia ya leo.

"Mama, jana nilikuachia kilo kumi na moja. Zimebaki mbili. Hata wifi yako hakufika hapa."

Kuni Tatu alikuwa amechutama mafigani, anapuliza, machozi yanamtiririka, safari hii bila mafua.

"Andika, mwanangu," akasema.